Jiwe Langu Halina Nyuzi

Tarehe 4 Oktoba

Mwanangu,

Kwa hiyo ndiyo kaondoka. Kabeba mtoto, kabeba beseni la kumwogeshea, kabeba hata kamba ya kuanikia nepi, kamba yangu mimi, akaenda kwao. Furahi basi. Umeshinda.

Barua yako ilifika jana kwa mkono wa yule dereva wa basi. Na wewe unajua mimi sijui kusoma, na unajua vizuri nani ananisomea barua humu ndani. Wifi yako! Alikaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, akawa anasoma kwa ile sauti yake nzuri, salamu nyingi, kazi inaendelea, mvua huku zimezidi, mara kimya. Nikamwambia soma mama, mbona umekata? Akasema, "Imeandikwa: Mama, lile jiwe usilitumie tena mpaka nijue ni jiwe gani, na hasa usimpake mtoto."

Hasa usimpake mtoto! Akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Na mtoto naye akakohoa, maana ana kikohozi chake tangu wahamie kile chumba kipya, sasa katika saa zote za kukohoa akachagua hiyo hiyo. Wifi yako aliikunja barua vizuri, akaiweka juu ya cherehani, akaingia ndani kufunga mizigo. Angenitukana ningejua la kujibu.

Mimi nilikuomba unipimie jiwe? Ulikuja likizo, ukanikuta nalikwangua kwa kisu namtia mjukuu wangu poda kwenye mikunjo ya shingo, joto lile, mtoto mnene, shingo haionekani. Ukaanza. Mama jiwe hili ulilitoa wapi. Mama likwaruze kwa kucha. Nikalikwaruza, likakwaruzika. Mama tuletee siki. Nikaleta siki, nikalidondoshea, halikutoa povu, limelala tu linatutazama. Ukasema basi si chokaa, nipe kipande nikakipime maabara kazini. Nikaenda nyuma nikakuletea kipande, ukakifunga kwenye karatasi kama dhahabu, ukaondoka nacho. Mtu mwingine akienda kwa mama yake likizo anapumzika.

Na jiwe hilo unalijua lilikotoka. Baba yako alipokuwa ananitaka, wenzangu waliletewa mafuta ya nywele, mimi nikaletewa jiwe. Alikuwa anachimba visima, akalikuta chini huko, akaja nalo limefungwa kwenye leso, akasema, "Nimesikia unashona. Hili linachora kitambaa na likifutwa linafutika." Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini nimelichorea magauni ya harusi ya mtaa huu wote, na nimewatia poda yake wewe na kaka yako mpaka mkaota meno. Umekufa? Kaka yako kafa? Mwili mzima ule kama mlango!

Sasa chumba kiko kitupu. Kaka yako alikipaka kuta upya kwa ajili ya mtoto, laini kama shavu, na jana kalala humo peke yake, asubuhi ametoka macho mekundu, hataki chai yangu.

Mwandikie wifi yako. Mwambie ulikosea. Mimi simu sitaki, mara ya mwisho ulinikatia nikiwa katikati ya neno. Barua huwezi kunikatia. Simu yenyewe nimeitia kwenye kopo la vifungo na kopo nimelifunga.

Ni mimi mama yako, kwa mkono wa Kalamu, jirani wa nyumba ya pili. Yeye anasema nipunguze ukali. Nimemwambia kazi yake ni kuandika.


Tarehe 11 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Pole sana. Sikufikiri kwamba wifi ndiye angeisoma barua ile mbele yako. Hilo ni kosa langu na nitamwambia hivyo.

Lakini siwezi kumwandikia kwamba nilikosea kuhusu jiwe, maana majibu yametoka.

Nikueleze nilivyofanya, usione kama nimekurupuka. Nililikwaruza kwa kucha, likakwaruzika. Nililidondoshea asidi, halikuchemka. Lina utelezi kama sabuni kavu. Hapo ningesema bila wasiwasi kwamba ni talki, jiwe ambalo hata poda za dukani hutengenezwa kwalo. Ila nilipolipasua kwa nyundo niliona kwenye mpasuko vitu vyembamba kama nywele. Nikampelekea mwenzangu mwenye hadubini. Ni nyuzi, Mama. Ni madini ya asbesto, yale yaliyokuwa yakitiwa kwenye mapaa ya zamani mpaka yakapigwa marufuku. Vumbi lake halina harufu wala haliwashi. Mtu analivuta, linabaki kifuani, na ubaya wake unaonekana baada ya miaka mingi.

Sisemi umemdhuru mtoto. Nasema lisiguswe. Litie ndani ya maji, kisha ulifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Naomba unijibu mambo mawili, taratibu. La kwanza, marehemu baba aliwahi kuwa na kikohozi cha muda mrefu? La pili linanishangaza tu. Wewe umelikwangua jiwe lile tangu sijazaliwa, lakini kipande ulichonipa hakina hata alama moja ya kisu, na kingo zake ni kali kama kimevunjwa juzi. Kwa nini?

Itoe simu kwenye kopo, nakuomba.

Mwanao


Tarehe 15 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi huku hatujambo. Mtoto anacheka sana siku hizi, na ameanza kukaa bila kushikwa.

Mume wangu alikuja jana kunichukua nikakataa, na nilitaka usikie sababu kutoka kwangu, siyo kwa watu. Kikohozi kimekata. Tangu tufike huku hajakohoa hata usiku mmoja. Sikumpa dawa, sikumpa chochote. Nimemtoa tu kwako.

Mama, umenilea kuliko mama yangu aliyenizaa. Nilipojifungua wewe ndiye uliyenishika mkono. Lakini huyu ni mwanangu, na wewe ulikuwa unampaka kitu usichokijua kila anapotoka kuoga, na mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika taulo. Sijui nimkasirikie nani zaidi, wewe au mimi.

Jiwe likitoka katika nyumba hiyo, na wifi akaandika kwa mkono wake kwamba hakuna hatari, nitarudi. Kabla ya hapo hapana.

Kamba ya nepi nilibeba kwa hasira. Nitairudisha.

Mkamwana wako


Tarehe 20 Oktoba

Wewe mtoto wa kike,

Nakaa wima nikuambie na Kalamu asiruke hata neno moja.

Baba yako hakufa kwa kukohoa! Baba yako alikufa kwa kuangukiwa na ukingo wa kisima, mimi nilimwosha uso, na kifua chake kilikuwa kama cha fahali. Alikohoa lini? Alikohoa alipokula pilipili. Usimfukue baba yako kwa hadubini.

Unajua naitwaje sasa mtaani? Bibi Sumu. Watu wa kando ya bomba wananyamaza nikifika na ndoo. Jumatatu kaja mteja wangu, yule mwalimu wa kwaya mwenye mabega, kaniletea kitambaa cha gauni, halafu ananong'ona, "Bibi, naomba usinichoree kwa ile chaki yako. Kata tu kwa macho." Nikamwambia nikikata kwa macho utalivaa kwa imani. Kaondoka na kitambaa chake. Mimi! Niliyemshonea mpaka gauni la ubatizo!

Na barua ya mkamwana wangu nimesomewa mara mbili. Kikohozi kimekata. Nimelia, nimefurahi, nimechukia, vyote kwa pamoja, nikamfokea Kalamu ambaye hana kosa.

Sasa unauliza kwa nini jiwe halina alama ya kisu. Swali zuri, mkaguzi. Nani kakwambia lile ni jiwe langu?

Ulidhani nitakupa jiwe la baba yako ukalivunjevunje? Nilikuona ukitoa ile nyundo ndogo kwenye mkoba, mikono inakuwasha. Nikasema moyoni, huyu analiua. Nikaenda nyuma kwenye lundo la kaka yako, nikaokota jiwe, jeupe kama langu, laini kama langu, nikakupa. Jeupe laini si ndiyo jeupe laini? Wewe mwenyewe ulilishika mkononi ukasema, "Asante Mama, ndilo hili."

Kwa hiyo jiwe langu halina nyuzi! Umesikia? Nyuzi nazijua mimi, nimekaa na nyuzi maisha yangu yote, jiwe langu ni laini mpaka ndani kama siagi. Lenye nyuzi ni la kwenye lundo. Nimekukatia pembe ya jiwe langu lenyewe, ndogo kama ukucha wa mtoto, iko ndani ya bahasha hii. Nilivyoikata nilihisi najikata kidole. Ipime upesi, halafu umwandikie wifi yako kwa mkono wako kwamba mama mkwe wake si mchawi.

Mimi sikungoja. Nimeshamtuma kaka yako kwao na habari. Mkamwana wangu kakubali! Kasema kama jiwe lililopimwa silo, basi hana neno na mimi, anarudi Jumamosi ya tarehe 28 baada ya kliniki ya mtoto. Kaka yako karudi anapiga mluzi. Ameanza hata kukipaka tena chumba cha mtoto, mkono wa pili, ili wakute kinang'aa. Hilo lundo lake sijakuambia. Ni mawe ya pale walipopasua kilima kupitisha barabara, yamelala bure, anayabeba kwa magunia. Anayaponda uani, anachekecha, anachanganya na chokaa, anapaka ukutani, kisha anapitisha msasa. Uani kwangu kumekuwa kweupe, kuku wa jirani wamekuwa weupe, huwezi kujua yupi wa nani. Lakini ukuta! Ukipitisha kiganja unasema hii ni hariri. Kila mtu anamtaka. Wiki hii amemaliza sebule ya Kalamu, na Kalamu hapa anatabasamu, aandike kwamba anatabasamu.

Haya. Nangoja barua yako ya kuniomba radhi, na iwe ndefu.

Mama yako, ambaye si sumu


Tarehe 27 Oktoba

Mama,

Isikilize barua hii yote kabla ya kukasirika. Nimempa dereva wa basi la alfajiri na nimemwambia asiache kukufikia.

Jiwe lako ni safi. Tumeitazama ile pembe mimi na mwenzangu, tukairudia. Ni talki tupu, haina uzi hata mmoja. Ulisema kweli, na nakuomba radhi.

Sasa, Mama, rudi kwenye maneno uliyoniandikia wewe mwenyewe. Kile kipande chenye nyuzi ulikiokota wapi? Kaka anafanya nini na lundo hilo? Mtoto alianza kukohoa lini? Uliniambia: tangu wahamie chumba kipya.

Mtoto asiingie chumba hicho. Asiingie hata uani. Nimepiga simu ya kaka tangu jana haipatikani, na yako iko kwenye kopo. Kaka asiponde tena, asipitishe msasa, asifagie. Lundo limwagiwe maji, lifunikwe. Chumba kifungwe. Nguo zake za kazi ziloweshwe, zisikung'utwe. Na sebule ya jirani Kalamu ni hivyo hivyo.

Usimtishe wifi kupita kiasi. Vumbi hili mmelivuta kwa muda mfupi, nalo linaharibu watu waliokaa nalo muda mrefu. Kikohozi cha mtoto kilikuwa kifua chake kinakataa vumbi, na kimekata alipotoka. Ndiyo maana nataka liishie hapa. Jumatatu nakuja mwenyewe na watu wa kazini.

Mwanao


Tarehe 28 Oktoba

Mwanangu,

Barua yako imeletwa leo asubuhi, dereva kasimamisha basi zima abiria wanapiga kelele, kanikabidhi mkononi. Kaka yako alikuwa ameshaondoka kwenda kumchukua mkewe. Kapishana na barua yako njiani.

Tumekaa kwenye benchi nje, barabarani, mimi na Kalamu. Ndani kwake hatuwezi, ndani kwangu hatuwezi. Kalamu alipofika pale ulipoandika sebule yake aliacha kusoma. Nikamwambia soma mama, mbona umekata? Halafu nikakumbuka nimewahi kusema maneno hayo hayo kwa mwingine. Amefunga mlango wake kwa komeo, na anaandikia juu ya goti, ukiona herufi zimelala usishangae.

Nina hasira mpaka masikio yanavuma. Nilivunja kopo la vifungo, vifungo vimetapakaa hadi mtaroni, nikaitoa simu, haina chaji. Nimewakasirikia waliopasua kile kilima wakaacha mawe yamekaa kama zawadi, hakuna hata mtu mmoja aliyetia kibao akasema msiguse. Nimemkasirikia kaka yako, asubuhi nilimwambia mbona unakohoa, kacheka, "Mama, ni chokaa tu," kajipiga kifuani, vumbi likatoka kwenye shati. Nikampangusa kwa kiganja changu! Nikampangusa, mwanangu, nikalipeperusha, nikamwambia nenda uende ukiwa safi kwa mkeo.

Na jiwe langu mimi nimelikasirikia pia, ndiyo. Kwa sababu ni safi. Wiki zote hizi nimelipigania hilo, nikaona nikishinda hilo nimeshinda yote.

Nimefanya ulivyosema. Nimelimwagia maji lundo, ndoo kwa ndoo kutoka bombani, na wale wanaoniita Bibi Sumu walisimama wakinitazama, mmoja kauliza, "Bibi, unamwagilia mawe yaote?" Nikamwambia njoo uyapande kwako. Nimefunika kwa lile turubai la baba yako. Chumba nimefunga, nimeziba chini ya mlango kwa matambara mabichi, nimefunga na mlango wa mbele na wa uani, na funguo zote ziko kifuani kwangu, asije mtu akajifanya anachungulia tu. Kabla ya kufunga nilisimama mlangoni mwa kile chumba. Kinang'aa kweli. Na kile kitanda kidogo kakitundikia chandarua kipya. Kaka yako kafanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, ndiyo maana nataka kumpiga.

Sasa wanakuja. Na mimi ndiye nitakayesimama mlangoni kumwambia mkamwana wangu asiingie. Unaelewa jambo hilo? Nimemtumia mume wake, nimemtumia maneno, nimemwambia rudi mama nyumba ni salama. Kafunga tena mizigo, kabeba mtoto juani, na kamba yangu ya nepi anairudisha, halafu anamkuta mama mkwe kakaza funguo kifuani anamwambia rudi ulikotoka. Atasema nini? Atasema yule kizee ananilipiza kisasi. Atasema ndiyo, ni mchawi kweli. Kalamu anasema nimweleze polepole. Nitaeleza polepole mtu amesimama mita mbili kutoka uani na mtoto anajifunza kutambaa? Nitampigia kelele kwanza. Maelezo yatafuata barabarani.

Anichukie. Anichukie akiwa kwao, na kifua cha mtoto kimeacha kukohoa.

Nilitaka kumshika tu kidogo. Wanasema sasa anakaa bila kushikwa. Lakini nguo hizi ndizo nilizovaa nikilimwagia maji lile lundo, zimejaa tope jeupe, nami sina nguo nyingine nje, zote ziko ndani nimezifungia. Kwa hiyo hata kumshika sitamshika. Nitamwonea mbali.

Ukija Jumatatu uje na hao watu wako, na uje na ile nyundo yako, na jiwe langu nitakupa lote, ulivunje utakavyo, uwaonyeshe watu wa bombani kwa ile hadubini, mmoja mmoja, mpaka yule mwalimu wa kwa...

"Mama! Mama we! Mbona mmefunga? Tumepitia nyuma, fungua, mtoto amelala!"

Ni kaka yako, yuko upande wa uani. Uani! Kalamu, acha kuandika, nishike mkono niinuke. Msiingie hapo! Msisogee karibu na turubai! Nakuja mimi, nakuja